Kilemba cha Ukoka cha Brutus

Nilipewa kuwa Brutus kwa sababu nilikuwa kiranja. Hapakuwa na usaili. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliingia na daftari kwapani, akapitisha macho dawati kwa dawati, akasema, "Brutus ni mtu ambaye mji mzima unamwamini. Kiranja, simama." Nikasimama. Darasa likaangua kicheko, maana kwa watoto wa bweni kiranja si mtu wa kuaminiwa, ni mtu wa kuandika majina ya wapiga kelele. Lakini mwalimu alikwisha kuandika.

Mchezo wenyewe ulikuwa ule wa Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar, na tuliucheza kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1963, akaipiga msasa, ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka: rais wa nchi changa, naye jina lake la ubatizo ni Julius, anakaa kutafuta maneno ya Kiswahili ya kumwua mtawala aitwaye Julius. Januari 1964 wanajeshi wake mwenyewe wakaasi. Sidai kwamba mambo haya mawili yana undugu. Nasema tu mtu yule hakuwa anatafsiri hadithi za mbali.

Tuliucheza siku ya mahafali. Damu yetu ilikuwa juisi ya rozela aliyotuchemshia mpishi wa shule, panga zetu zilikuwa mbao za masanduku, na mavazi ya Kirumi yalikuwa mashuka ya bwenini, mengine yakiwa bado na namba za vitanda. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni kwa chaki ya rangi: Kikulacho ki nguoni mwako. Na kwetu mchezo mzima ulikuwa huo. Caesar alimwamini rafiki, rafiki akamchoma kisu. Nikachoma, nikafa, nikapigiwa makofi, nikaenda kula pilau.

Imenichukua miaka ishirini na ushee, na kisima kimoja kisicho na maji, kuona kwamba tulimlilia mtu asiye mwenyewe.

Hesabu tu kurasa. Caesar anakufa katikati ya mchezo. Nusu nzima inabaki, na si ya kwake. Ni ya mtu aliyekuwa na jina zuri kuliko wote mjini, na tunakaa kutazama jina hilo linavyotumiwa, linavyochakaa, na linavyookotwa tena na wengine mwenyewe akiwa amelala chini. Methali ya mwalimu ilikuwa ya kweli, ila ilimhusu Brutus zaidi kuliko Caesar. Kilichomla kilikuwa nguoni mwake kweli, na wala hakikuwa kisu.

Tuanzie kwa waliomtafuta. Wale watu walitaka kumwua Caesar hata bila Brutus. Visu walikuwa navyo, chuki walikuwa nayo, na watu pia walikuwapo; wanahistoria wa kale wanasema waliokula njama ile walizidi sitini. Walichokosa ni kimoja. Casca, mmoja wao, anakitaja waziwazi, usiku wa radi, kabla jambo halijafanyika. Natafsiri kwa mkono wangu: huyu ameketi juu katika mioyo ya watu wote, na lile ambalo kwetu lingeonekana ni kosa, uso wake utaligeuza liwe wema. Hawakuhitaji mkono wa Brutus. Walihitaji uso wake.

Halafu wakikutana kwake usiku ule, mmoja anapendekeza waongeze na Cicero, yule mzee msemaji. Sababu? Nywele zake za fedha, anasema, zitatununulia sifa njema. Zitatununulia. Sikia neno hilo. Wanaongea kama watu walio sokoni, wanalinganisha bei: mvi za fulani zinaleta kiasi gani, uadilifu wa fulani unaleta kiasi gani. Na Brutus amekaa hapo hapo, anasikia Cicero anavyopigiwa hesabu, wala haimpitii akilini kwamba yeye mwenyewe alikwisha kununuliwa.

Bei yake ilikuwa ndogo mno. Cassius, kinara wa njama ile, alimvika kilemba cha ukoka, basi. Alimwambia: watu wengi wa maana Roma wanatamani wewe ungejiona kama wao wanavyokuona. Kisha akaandika barua kwa miandiko tofauti tofauti, ionekane zimetoka kwa raia mbalimbali, nyingine zikarushwa dirishani, moja ikabandikwa kwa nta kwenye sanamu ya babu yake Brutus wa zamani, yule aliyemfukuza mfalme Tarquin. Hata hapa mjini kwetu wapo wanaofanya hivi hivi kwa laini za simu zenye majina ya kubuni.

Kuna kitu katika barua ile ambacho tuliokuwa jukwaani tulikipita mbio. Ni usiku, yuko bustanini, vimondo vinawaka angani hata anaweza kusomea mwanga wake. Mtoto wa nyumbani, Lucius, alikwenda kutafuta jiwe la kuwashia taa, akaikuta barua dirishani. Brutus anaifungua. "Brutus, umelala, amka." Halafu: "Je, Roma itakuwa..." na sentensi haimaliziki. Barua imeachwa wazi makusudi. Na Brutus, kwa sauti, anasema lazima niijazie hivi: je, Roma itakuwa chini ya hofu ya mtu mmoja?

Ameijaza mwenyewe. Hilo ndilo linalonipa baridi. Cassius hakuandika fitina. Aliandika nusu yake tu, akaacha nafasi, kwa sababu alijua mtu mwenye jina zuri hawezi kuona nafasi tupu kwenye karatasi ya umma asiijaze kwa sifa zake mwenyewe. Na sekunde chache kabla ya hapo Brutus alikuwa amekiri kwamba yeye binafsi hana ugomvi wowote na Caesar, na kwamba hajawahi kumwona akitawaliwa na hisia kuliko akili. Hana ushahidi. Ana wito tu, na wito umeandikwa na mtu mmoja kwa kalamu nyingi.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii tangu utotoni tumeisoma kumlaumu mgema. Ningependa siku moja tuwaulize waliokuwa wanamsifu walikuwa wanataka nini.

Sasa kisima.

Nina duka la dawa. Si hospitali, na mimi si daktari. Nilisoma kozi ya kuuza dawa muhimu, cheti kimetundikwa ukutani, kila anayeingia anakiona. Lakini mtaa mzima unaniita Dokta. Mwanzoni nilikuwa nakataa. Nikasema, jamani, mimi muuza dawa. Wakacheka, wakasema haya, Dokta. Baada ya mwaka mmoja au miwili nikaacha kukataa, na baada ya muda, niseme ukweli, nikawa naitika kabla sijaitwa mara mbili.

Mtaani kwetu maji yalikuwa ya madumu. Watu wakaanza mazungumzo ya kuchangishana tuchimbe kisima kirefu. Wakaja watatu dukani jioni moja, mmoja mzee wa heshima, wawili wa rika langu. Hawakuniomba fedha. Mzee akasema, "Dokta, kazi yote tutafanya sisi. Wewe tunakuomba uwe mwenyekiti tu. Watu wakiona jina lako watatoa." Mwingine akaongeza, "Wewe hata usipohudhuria vikao, hakuna neno."

Ningekuwa nimeukumbuka mchezo wa mahafali ningecheka. Badala yake nikahisi joto fulani kifuani, joto tamu. Jina langu! Nikawapa soda.

Michango ilikuja kweli. Kila nyumba shilingi elfu hamsini, wengine kwa awamu, wajane wakapunguziwa. Daftari la michango lilikuwa na sahihi yangu kila ukurasa chini, maana mwekahazina aliniletea dukani saa za wateja wengi, akaliweka juu ya kaunta, nami nikasaini huku nampimia mtu dawa ya kikohozi. Sikuwahi kuomba kuona taarifa ya benki. Na hapa lazima niwe mwangalifu nisijipambe: haikuwa kwamba sikuwa na shaka. Shaka ilikuwapo. Ila kuuliza kungekuwa ni kumvunjia mwenzangu heshima, na mtu kama mimi haonekani anahesabu hela za watu. Mtu kama mimi. Ndivyo nilivyokuwa ninawaza, kwa maneno hayo hayo.

Mchimbaji alikuja, akatoboa, akakuta kavu. Akatoboa pa pili, vumbi. Halafu fedha zikasemekana zimekwisha, kisha ikasemekana hazikuwahi kutimia, kisha mwekahazina akahamia mkoa mwingine kwa shughuli zake. Sitamtaja, wala sina ushahidi wa kumpeleka popote. Kwenye karatasi zote jina lililokuwapo lilikuwa langu.

Nikarudi kwa Brutus bila kupanga. Tulikuwa tunahamisha vitu stoo, kitabu kikaanguka, jalada limeliwa na panya. Nikakaa juu ya gunia nikakisoma hadi giza likaingia.

Kila kosa analolifanya baada ya kukubali lina mzizi mmoja. Wenzake wanataka kula kiapo. Anakataa, kiapo ni cha watu wasioaminika. Wanataka Antony, rafiki mkubwa wa Caesar, auawe pamoja naye; anakataa, tutaonekana wachinjaji. Wanamkataza asimruhusu Antony kuhutubia mazishini. Anamruhusu, kwani yeye ataanza kusema, na watu wakishasikia sababu kutoka kinywani mwake hakuna kitakachoharibika. Mtu akisoma haraka atasema Brutus anaamini watu kupita kiasi. Sivyo. Anachokiamini ni jina lake. Anadhani ni ukuta. Anadhani likisimama mbele ya jambo, jambo lenyewe linatakata.

Sikiliza anavyofungua hotuba yake uwanjani, damu bado mikononi. Niaminini kwa ajili ya heshima yangu, na iheshimuni heshima yangu mpate kuniamini. Sentensi inajizungusha kama ng'ombe wa kinu, inarudi ilipoanzia, na katikati hamna kitu. Na umati unamwelewaje? Mmoja anapaza sauti: na awe Caesar! Amemwua mtu ili asiwepo mfalme, na shukrani yake ya kwanza ni kutaka kufanywa mfalme. Brutus hata hashtuki. Anawaomba tu wabaki wamsikilize Antony, anaondoka zake peke yake.

Kuhusu Antony yameandikwa mengi, mimi nitasema mawili.

La kwanza ni lile neno. Kwa Kiingereza anasema Brutus ni mtu wa heshima, anarudia, anarudia tena, na kila mara neno linashuka daraja. Nikilisema kichwani mwangu nalisema "mheshimiwa", na nadhani msikilizaji wa Kiswahili analipata chungu kuliko hata Mwingereza, kwa sababu sisi neno hilo tunalisikia kila siku kwenye redio. Tunajua sauti ya mtu anayesema mheshimiwa na anamaanisha, na sauti ya mtu anayesema mheshimiwa huku meno yamebana. Antony anasafiri kutoka sauti ya kwanza hadi ya pili bila kubadilisha hata herufi. Mvulana aliyemcheza Antony shuleni kwetu alikuwa na kigugumizi kidogo, basi kila alipofika "mheshimiwa" alikwama nukta moja, na ukumbi mzima ukawa unaingoja. Sidhani nimeona mwigizaji wa kulipwa akilifanya vizuri zaidi.

La pili ni joho. Antony analiinua joho la Caesar lililotobolewa, anasema nakumbuka mara ya kwanza alipolivaa, ilikuwa jioni ya kiangazi, hemani mwake, siku aliyowashinda Wanervii. Kisha anaonyesha matundu: hapa kisu cha Cassius kilipita, tazameni pengo la Casca, na hapa Brutus mpendwa alichoma. Umati unalia. Lakini Antony hakuwapo. Wauaji walipokuwa wanamzunguka Caesar, mmoja wao, Trebonius, alikuwa amemvuta Antony pembeni makusudi, tumeona kwa macho yetu kurasa chache nyuma. Hajui tundu lipi ni la nani. Na vita vile vya Wanervii vilipiganwa mwaka 57 K.K., ambapo Antony wa historia alikuwa hajajiunga bado na jeshi la Caesar kule Galia. Jioni ile ya kiangazi ameitunga.

Kwa hiyo mkweli amesimama akasema "niaminini" bila kuonyesha kitu, na mwongo amesimama akaonyesha nguo. Sitaki kuligeuza hili kuwa fundisho la mawasiliano. Lakini mimi nilipoitwa kwenye mkutano wa mtaa kueleza habari za kisima, nilisimama nikasema, "Ndugu zangu, mnanifahamu." Kijana mmoja nyuma akainua risiti ya elfu hamsini, ya mama yake, akaikunjua, hakusema chochote. Nilikaa chini.

Na ule wasia? Antony anausoma: kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75, na bustani za Caesar zilizo kando ya mto Tiber ni za wote. Umati unakwenda kuchoma nyumba. Onyesho linalofuata baada ya fujo hizo, Antony ameketi na Octavius, mrithi wa Caesar, na Lepidus, mshirika wao, wanatia alama majina ya watakaouawa. Lepidus anamtoa kaka yake, Antony anamtoa mtoto wa dada yake, kama wanabadilishana kuku. Kisha Antony anamwambia Lepidus, nenda nyumbani kwa Caesar ulete ule wasia, tuangalie namna ya kupunguza hayo malipo. Hayo hayo. Shakespeare hatoi maoni yoyote. Anaendelea mbele.

Katikati kuna kipande kifupi ambacho mwalimu wetu alikikata ili mgeni rasmi asichelewe. Mshairi mmoja aitwaye Cinna anakutana na umati barabarani. Jina lako nani? Cinna. Mmoja wa wauaji pia ni Cinna. Mshairi anapiga kelele, mimi ni Cinna mshairi! Wanamjibu, mraruweni kwa mashairi yake mabaya. Mimi siye Cinna wa njama! Haidhuru, jina lake ni Cinna. Lingʼoeni jina moyoni mwake, kisha mwacheni aende. Watu hucheka hapa, nami nilicheka juu ya gunia langu. Halafu nikaacha. Wiki ile mke wangu alikuwa amenyimwa nafasi ya kushika fedha za kikundi chao cha upatu. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Ni jina tu.

Lakini pahali paliponikamata shingo ni ugomvi wa hemani, baadaye, kabla ya vita vya mwisho kule Philippi. Brutus na Cassius wanagombana kwa fedha. Brutus anamshutumu mwenzake kuwa na kiganja kinachowasha, anauza vyeo kwa dhahabu. Maneno mazuri sana, makali, ya mtu safi. Kisha anasema: nami nilituma kwako kuomba dhahabu ya kuwalipa askari, ukaninyima, maana mimi siwezi kupata fedha kwa njia chafu.

Soma tena. Yeye hawezi kukusanya fedha chafu, kwa hiyo anamwomba Cassius zile alizokusanya Cassius. Anamlaumu kwa kuzipata na anamlaumu kwa kutompa. Vidole vyake vibaki vyeupe, vya mwenziwe vichimbe.

Brutus wa historia alimshinda hata huyu wa jukwaani. Cicero alipokuwa gavana wa Kilikia, mwaka 51 na 50 K.K., alikuta wakopeshaji wawili wanaudai mji wa Salamis, kisiwani Kupro, deni kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka, wakati kiwango alichokiruhusu yeye kilikuwa 12. Mmoja wao, Scaptius, alikuwa amewafungia wazee wa baraza la mji ndani ya ukumbi wao kwa askari wa farasi, watano wakafa kwa njaa. Cicero akachunguza, na barua zake mwenyewe zinaeleza alivyostuka: fedha zilikuwa za Brutus. Yule yule mwadilifu, mwanafalsafa. Jina lake halikuwapo kwenye mkataba. Kwenye mkataba walikuwapo kina Scaptius.

Nimelifikiria hili sana. Mimi jina langu lilikuwa kwenye karatasi na mikono yangu haikuwa kwenye fedha. Yeye fedha zake zilikuwapo na jina halikuwapo. Ni mchezo mmoja, unachezwa kutoka pande mbili.

Sifa yake baada ya kufa haikutulia pia. Dante, mshairi wa Italia, alimweka kwenye kina cha mwisho cha Jehanamu, ndani ya mojawapo ya vinywa vitatu vya Shetani, jirani yake Yuda. Wengine wakamfanya baba wa uhuru. Huko Marekani kulikuwa na mwigizaji maarufu aliyeitwa Junius Brutus Booth, jina zima limetoka huko, na wanawe watatu walicheza mchezo huu pamoja New York tarehe 25 Novemba 1864, wakichangia fedha za sanamu ya Shakespeare. Edwin alikuwa Brutus. John Wilkes alikuwa Antony. Aprili iliyofuata, John Wilkes alimpiga risasi Rais Lincoln ndani ya jumba la michezo, na alipokuwa mafichoni akaandika kwenye shajara yake akilalamika kwamba anawindwa kwa kufanya jambo ambalo Brutus alisifiwa kwalo. Naye alikuwa ameijaza barua mwenyewe.

Dukani mambo hayakubadilika kwa kelele. Hakuna aliyenitukana. Wananiita Dokta bado. Kuna mama mmoja, muuza mihogo ya kukaanga, ambaye kwa miaka alikuwa ananipa noti, napima dawa, namrudishia chenji, anaitupa kwenye mfuko wa aproni yake huku anaongea habari za watoto. Baada ya kisima alikuja siku moja kununua dawa ya minyoo. Nikampa chenji. Akaiweka juu ya kaunta, akaitandaza kwa kidole, mia mbili, mia nne, mia tano, elfu, akaikusanya. Akasema, "Ahsante, Dokta." Hakuwa na nia mbaya. Hesabu ilikuwa sawasawa. Nilisimama pale nikitazama kaunta muda mrefu baada ya yeye kutoka.

Mwaka uliofuata, kwenye msiba wa yule mzee aliyekuja kuniomba, nilikaa mkekani karibu na mmoja wa wale wawili wa rika langu. Kahawa ikapita. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, kaka, hivi kwa nini mlinichagua mimi, na mtaani kuna wastaafu wa benki? Alinyamaza, akazungusha kikombe. Akasema, "Dokta, usinielewe vibaya. Wale wangeuliza."

Brutus hakupata mkeka wa namna hiyo. Hili ndilo jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Zile barua za dirishani, hakuna anayemwambia kwamba zilikuwa za kughushi. Cassius anakufa kule Philippi, siku ya kuzaliwa kwake, kwa habari aliyoielewa vibaya, na siri anakwenda nayo. Casca haonekani tena. Kwa hiyo Brutus jioni ile ya mwisho, ameshindwa, anawaomba rafiki zake mmoja mmoja wamshikie upanga, Clitus anakataa, Dardanius anakataa, Volumnius aliyesoma naye shule moja anamwambia hiyo si kazi ya rafiki. Naye anawaaga, na anasema, moyo wangu unafurahi kwamba katika maisha yangu yote sikupata mtu asiyekuwa mwaminifu kwangu.

Anayasema hayo kwa dhati. Anaamini. Nilikuwa nimeyakariri maneno hayo nikiwa na miaka kumi na saba, nikayatamka kwa sauti kubwa ya kishujaa, mkono kifuani.

Aliyekubali mwishoni ni Strato. Siku ya mahafali Strato alikuwa mvulana mwembamba wa kidato cha pili, akageuza uso kama alivyofundishwa, nikaukimbilia upanga wa ubao, ukavunjika katikati kwa sauti kama ya kuni. Ukumbi ukalipuka. Nikafa juu ya nusu iliyobaki, kicheko kikiendelea. Wakanifunika shuka lile lile la Caesar kwa sababu hatukuwa na la pili. Lilikuwa na unyevu, linanuka rozela, na sukari ilikuwa imewaleta sisimizi.

Wanaingia Antony na Octavius. Katika historia Antony alimfunika Brutus kwa joho lake la thamani, na mwandishi mwingine wa kale anasema Octavius aliamuru kichwa kikatwe kipelekwe Roma kikatupwe miguuni pa sanamu ya Caesar. Jukwaani wanakuwa wapole. Octavius anasema mifupa yake ilale usiku huu hemani mwangu. Na kabla ya hapo Antony, yule mwenye kigugumizi, akasimama juu yangu akaanza kusema kwamba huyu ndiye aliyekuwa Mrumi muungwana kuliko wote, kwamba wenzake wote walitenda kwa wivu, yeye peke yake alitenda kwa nia njema. Kicheko kikazima. Kikawa kimya kabisa, nasikia hata taa ya kandili ikivuma. Nilikuwa nimefumba macho chini ya shuka, sisimizi amefika sikioni, na nikajizuia nisijikune ili niyasikie maneno yote hadi mwisho.